Jinsi ninavyovuna tufaha aina ya Anna mara mbili kwa mwaka Kabale, Uganda

Anna halikai. Likishachumwa, ukiliacha mezani wiki moja tu, nyama yake inakuwa ya unga-unga mdomoni. Tena mti ukiachiwa huchanua ovyo, vishada viwili leo, vitatu mwezi ujao, basi hupati hata kikapu kimoja kilichoiva pamoja. Kwa hiyo siku ya kuchanua naipanga mimi.

Huko kwenye majira ya baridi, baridi ndiyo inayoangusha majani na kuulaza mti. Anna ilizalishwa Israeli kwa ajili ya sehemu zenye baridi kidogo, lakini hata hiyo kidogo Kabale hatuna. Usiku tunajifunika mablanketi mawili, mti wala haushtuki. Dawa yake ni kuuvua majani yote kwa mkono.

Navua mwanzoni mwa Juni na katikati ya Desemba, mti ukiwa umepumzika angalau wiki nne tangu mavuno. Macho ya mti, yaani vichipukizi, hufumbuka wiki mbili hadi nne baadaye, mvua ikiwa imepungua. Maua yakikutana na mvua kubwa, nyuki hawatoki, chavua (unga wa maua) inalowa, na vishada vinapukutika bila tunda. Toka ua hadi kuiva ni kama miezi mitatu na nusu.

Usishike tawi ukapitisha kiganja kuelekea chini kama anayepura mtama. Jicho la msimu ujao limekaa palepale kwenye kikwapa cha jani, nalo litang'oka pamoja na ganda. Mimi nakata jani kwa mkasi, naacha kikonyo. Kikonyo kitakauka na kuanguka chenyewe. Ni kazi ya kuchosha, mti mkubwa unakula nusu siku. Matawi yaliyosimama wima nayafunga kamba na kuyavuta mpaka yalale kiasi, maana tawi la wima hutoa majani tu.

Kosa ninaloliona sana ni kupanda Anna peke yake. Inahitaji chavua ya aina nyingine inayochanua wakati mmoja nayo, na hapa ni Dorsett Golden, yenye asili ya Bahamas. Mmoja kwa kila Anna minane au tisa unatosha, ila uvuliwe majani wiki ileile. Ukichelewa, Anna itakuwa imeshapukutisha maua.

Matunda yakifika ukubwa wa gololi, nabakiza moja kwa kila kishada. Inauma, lakini ukiyaacha yote utavuna vitufaha visivyo na sukari, na mti utachoka usichanue vizuri msimu unaofuata.

Wekundu usikudanganye; huo ni wa jua. Angalia upande wa kivulini: kijani kikielekea manjano, chuma moja, likate katikati, lipake ayodini ya dukani. Likiwa jeusi lote, wanga haujageuka sukari, ngoja. Weusi ukibaki pembeni tu, chuma. (Hilo la majaribio usile.)

Ya kula leo naacha nje, mengine kwenye friji ndani ya mfuko wenye matundu. Usiyaweke karibu na matooke: hewa inayotoka kwenye tufaha huivisha ndizi, na siku chache baadaye utakuta mkungu wa kupika umekuwa wa manjano.