Spinachi niliyokuwa naitupa

Mwaka wa kwanza hapa Leeds nilipanda bitiruti kwa sababu moja tu: mbegu zake zilikuwa kwenye kapu la bei ya chini. Nyumbani Tanga niliijua kama juisi ya kuongeza damu, ile ambayo mjamzito hubembelezwa aimalize huku amekunja uso.

Sikujua kwamba kile kimbegu chenye makunyanzi ni fungu la mbegu kadhaa zilizoshikana. Mwishoni mwa Aprili nikamwaga kama ninayemwaga mchicha, ikaota miche mitatu minne pamoja, nikaona huruma kuing'oa. Julai nikavuna mikia ya panya. Msimu wa pili nikapunguza bila huruma, nikaacha upana wa kiganja kati ya mche na mche, zikaja saizi ya ngumi ya mtoto.

Siku ya kuvuna, jirani yangu, bibi mmoja wa Kipolandi, alinikuta nakata majani na kuyatupa kwenye pipa la mboji. Alishtuka kama aliyeona mtu anamwaga mchele. Kwao bitiruti changa hupikwa supu pamoja na majani yake, wanaiita botwinka. Akayachukua yote, jioni akanirudishia bakuli.

Nilipotafuna lile jani nikanyamaza. Ladha naijua! Ile tunayoiita spinachi sokoni kwetu, ya majani mapana yenye mshipa mnene mweupe, kwa kweli si spinachi. Ni spishi moja na bitiruti, Beta vulgaris, ila yenyewe hulimwa kwa ajili ya majani. Misimu miwili nimelalamika kwamba Uingereza hakuna mboga za maana, nami nazirundika kwenye mboji.

Siku hizi vile vikonyo vyekundu navikatakata, navitangulizia kwenye kitunguu na nyanya vilainike, majani yanafuata, mwisho tui zito la kopo. Tui linageuka waridi, na ugali ukichovya nao unageuka. Mizizi naichemsha na maganda yake, nikibakiza kikonyo kidogo na mkia, la sivyo rangi yote inaishia majini. Baada ya saa moja hivi ganda linavuka kwa kusugua tu. Ndimu, chumvi, pilipili, basi. (Asubuhi yake usikimbilie hospitali ukiona choo chekundu. Mume wangu alishavaa viatu.)

Jumapili nilimpelekea bibi bakuli la mboga ya nazi. Akaonja, akatafakari, akaniomba siki.