Ninavyopima presha barazani, Wete

Wengi wenye presha ya kupanda hawasikii chochote. Kichwa hakiwaumi, shamba wanakwenda, baharini wanakwenda. Kwa hiyo siwasubiri kituoni, nawafuata barazani. Ila barazani pana kahawa na mazungumzo, na vyote viwili hupandisha namba.

Kiti cha kupimia nakiweka mbali na birika, kiwe na egemeo na meza ubavuni. Aliyekunywa kahawa au kuvuta sigara husubiri nusu saa. Mwenye haja ndogo huenda kwanza. Kisha anakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, asikunje nne. Mkono unalazwa mezani usawa wa moyo, kwani ukining'inia namba inapanda bure. Mzee akianza kuniuliza habari za nyumbani namwambia, "Subiri kidogo mzee wangu, tukimaliza tutazungumza."

Kinachoharibu vipimo vingi ni nguo na mkanda wa mashine, ule unaofungwa mkononi. Mkono wa kanzu ukikunjwa hadi juu unabana, bora autoe kabisa. Akina mama hupimwa ndani na mwanamke mwenzao, maana mkanda juu ya buibui si kipimo. Natembea na futi ya fundi cherehani, naizungusha katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wangu wa kawaida ni wa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Ukizidi hapo nachukua mkubwa, kwa sababu mkanda mdogo humpa mtu presha asiyokuwa nayo. Ukingo wa chini unakaa vidole 2 juu ya kikunjo cha kiwiko.

Anayepimwa mara ya kwanza nampima mikono yote miwili, kisha nafuata ule wenye namba kubwa. Narudia baada ya dakika 1 na kuandika namba zote kwenye karatasi anayoondoka nayo.

Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, simwiti mgonjwa siku hiyo hiyo. Arudie siku nyingine. Ikifika 180 kwa 120 nampumzisha, napima tena. Ikibaki hapo, na kifua kinamuuma, anahema kwa shida au upande mmoja umelegea, ni hospitali saa hiyo hiyo. Asiyekuwa na dalili aende kituoni siku hiyo, na asimeze kidonge cha jirani njiani: presha ikishushwa ghafla, ubongo unaweza kukosa damu ya kutosha.