Jinsi nilivyoacha kukatiza mazoezi

Kwa miezi mitatu nilikuwa naanza kutembea asubuhi, siku ya nne naacha. Miguu haikuwa na shida. Ikifika alfajiri, moyo unakataa tu. Nilijaribu kengele ya simu, nikanunua raba mpya, nikasikiliza muziki. Hakuna kilichodumu wiki.

Aliyenisaidia ni bibi yangu wa Mji wa Kale, Mombasa. Nilimwomba anirekodie hadithi kwenye simu, nisikilize njiani tu, kutoka Fort Jesus kuelekea bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. "Paukwa!" anaita, nami naitika "Pakawa!" peke yangu, upepo wa bahari usoni.

Hata hivyo wiki ya kwanza nilikaribia kuacha tena, kwa kuwa kila hadithi iliisha nikifika kwenye mibuyu. Ndipo nikamwambia, "Bibi, nikatie pale patamu." Sasa anakata msichana ameshika komeo la mlango, nyuma yake zimwi linahema. Usiku kucha nauwaza mlango ule.

Nyumbani sisikilizi hata kidogo. Sharti hilo lishike sana; nililivunja mara moja, kesho yake sikutoka.

Leo ni siku ya 41. Bibi ameshanitumia ya kesho.