Mfuko wa Mililita 30

Usiku huu nimerudia swali lile lile: nani hasa anufaike na upasuaji wa kupunguza uzito, na nani atatoka amebadilisha tatizo moja kwa jingine?

Hesabu ya mwanzo haina ugumu. Zidisha urefu wa mtu kwa urefu huohuo, kwa mita, kisha gawanya kilo zake kwa jibu hilo. Mwenye kilo 105 na urefu wa mita 1.60 ana BMI, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, ya 41. Tangu mwongozo wa Marekani wa 1991, kiwango cha kustahili upasuaji kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayochochewa na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vilishusha: 35 hata bila maradhi, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari aina ya 2. Wengi huishia hapo. Namba imetimia, basi twende.

Mimi ningeanza na kiungulia. Ndiyo, kiungulia.

Maana upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi ni ule wa kukata mfuko wa chakula kwa urefu wake na kuutoa takriban asilimia 80, ukabaki mrija mwembamba. Njaa hupungua, kwa kuwa sehemu iliyoondoka ndiyo hutengeneza kwa wingi grelini, homoni ya njaa. Lakini mrija ule una shinikizo kubwa ndani, na asidi ikisukumwa hupanda kooni. Aliyekuwa na kiungulia cha hapa na pale anaweza kuamka nacho kila usiku, na kilichokatwa hakirudishwi. Kwa hiyo aliyezoea kumeza dawa za asidi afanyiwe endoskopi kwanza, yaani aingizwe kamera ndogo kupitia kooni, na hapohapo apimwe H. pylori, bakteria waletao vidonda vya tumbo.

Njia ya pili ni kutenga kifuko cha mililita 30 hivi juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mfuko wa zamani hubaki tumboni, ila chakula hakipiti humo tena. Kiungulia kwa kawaida hutulia. Tatizo ni pale kifuko kinapoungana na utumbo: moshi wa sigara na dawa kama diklofenaki na ibuprofeni huchimba vidonda hapo, na kidonda kinaweza kutoboka. Mwenye magoti mabovu anayeishi kwa vidonge hivyo inabidi alijue hili kabla ya kusaini. Watu hulinganisha njia hizi mbili kwa kilo, na kwa kilo hazipishani sana. Kero zake ndizo zinazopishana.

Kilo zenyewe: tegemea kupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wote ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Wa kilo 105 atafika kwenye sabini na kitu. Anayeota 55 ataumia moyo bure. Utafiti wa Sweden ulioanza 1987 ulifuatilia watu kwa miongo, na ulionyesha uzito ukirudi kidogo baada ya mwaka wa kwanza au wa pili kisha ukatulia chini ya ule wa mwanzo, na vifo vikawa vichache kuliko kwa wenzao wasiopasuliwa.

Sindano za semaglutaidi, dawa ya kupunguza hamu ya kula, hupunguza takriban asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Ukiacha, sehemu kubwa ya kilo hurudi ndani ya mwaka. Kwa BMI ya 32 ningejaribu sindano kwanza. Kwa 50, sidhani zitatosha peke yake.

Kinachowashinda watu ni mambo ya kila siku baada ya upasuaji. Protini gramu 60 au zaidi. Maji lita moja na nusu kwa mafunda madogo, bila kunywa wakati wa kula, na nusu saa ipite baada ya chakula. Kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, igawanywe mara tatu kwa sababu utumbo haufyonzi zaidi ya 500 hivi kwa mkupuo. Madini ya chuma kando, saa 2 mbali na kalsiamu. Vitamini B12 na D maisha yote. Yafanye haya wiki 4 kabla ya kupanga tarehe. Ukikwama wiki ya pili, tafuta sababu wakati mfuko wako bado ni mzima.

Wiki 2 za mwisho kabla ya upasuaji huwa za chakula kidogo sana, ili ini lipungue mafuta na daktari aweze kuliinua afike mfuko ulipo. Anayetumia insulini apunguziwe dozi mapema, la sivyo sukari itashuka vibaya.

Baada ya upasuaji, mapigo ya moyo zaidi ya 120, homa, kuhema au maumivu ya bega la kushoto ni dalili za mshono kuvuja. Usisubiri kukuche. Na anayetapika kwa siku kadhaa apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya dripu ya glukosi, maana upungufu wake huharibu ubongo. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi sana baada ya utumbo kuunganishwa upya, hivyo njia nyingine ipangwe mapema. Pombe nayo hupanda kichwani upesi kuliko zamani.

Damu hupimwa mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: mwaka wa 5, nani atanipima, na akikuta B12 imeshuka, nimwone nani?