Suti nyeusi zimekuwa kijivu: rangi za video ukikonveti kabla ya kuediti

Jamani hii naandika kwa wale wenzangu wa kupiga sendofu na harusi hapa Moshi, maana imenila siku mbili nzima na sitaki imle mtu mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, kamera inarekodi 4K na klipu zikifika kwenye laptopu yangu zinakwama kwama, huwezi kukata kitu, basi nikazikonveti zote kwenda DNxHR, fomati ya video iliyotengenezwa kwa ajili ya kuediti, kwa ffmpeg, programu ya kukonveti video, zikawa nyepesi kabisa kuchezesha. Nikafungua ile ya wajomba wanaingia ukumbini, suti zao nyeusi zimepauka zimekuwa kijivu. Halafu klipu ya kilele cha Kibo niliyopiga alfajiri kabla mawingu hayajafunika, mbingu ina mistari mistari kama ngazi.

Nilidhani ni tatizo moja kumbe mawili.

La suti ni dogo. Video nyingi za biti 8 (biti ndo zinaamua ngazi za mwanga na rangi ni ngapi) weusi wake unaanzia namba 16 na weupe unaishia 235, sio 0 mpaka 255, sasa programu ikisoma faili la namna hiyo kama vile ni 0 mpaka 255, ile 16 haihesabiki tena kama nyeusi, inaonekana kijivu. Ikikosea upande wa pili, giza linameza kila kitu, hata mikunjo ya suti huioni. Mimi naediti kwa programu ya DaVinci Resolve, nikaingia kwenye mipangilio ya klipu, levo za data nikakuta ziko fulu (0 mpaka 255), nikaweka video (16 mpaka 235), suti zikarudi nyeusi palepale. Faili halikuwa limeharibika hata kidogo.

La mbingu ndo liliniuma. Nikapima faili la kamera kwa ffprobe, kifaa cha ffmpeg cha kusoma taarifa za faili, likasema yuv420p10le, yaani biti 10, kila chaneli (ya mwanga na za rangi) ina ngazi 1024. Nikapima nililokonveti, yuv422p, biti 8, ngazi 256 tu! Nilichagua daraja la dnxhr_hq bila kujua hiyo ni ya biti 8. Mbingu ya alfajiri inabadilika taratibu sana kutoka chungwa kwenda bluu, ukiipunguzia ngazi lazima mistari itokee ukianza kuvuta rangi, yaani kuzirekebisha.

Na ile 422, namba ya kiasi cha rangi kinachoandikwa, ilinidanganya, nikaona namba imepanda toka 420 nikajua nimeongeza rangi. Hapana. Kwenye 420 kamera inaandika mwanga wa kila pikseli, ila rangi ni moja kwa pikseli nne, kwa hiyo 4K ya 3840 kwa 2160 rangi yake ni 1920 kwa 1080 tu. Ndo maana ukikuza kitenge chekundu cha mashangazi unaona kingo zina ukungu. Ukikonveti kwenda 422 programu inakisia tu katikati, faida yake ni kwamba hupotezi zaidi huko mbele. Kama unamtolea mteja full HD wala usiumie, ukishusha 4K kila pikseli inapata rangi yake.

Bahati nzuri kadi nilikuwa sijaifuta. Nimerudia zote kwa daraja la dnxhr_hqx na pix_fmt (muundo wa pikseli) yuv422p10le, yaani biti 10, mafaili yamenenepa mpaka nimeazima hadi diski ya jirani, lakini mbingu juu ya Kibo imetulia, haina mstari hata mmoja.