Mito minne ya sufi

Baba alipopata kiharusi, kilichotumaliza hakikuwa kiharusi. Kilikuwa kidonda cha kulalia, pale kwenye kifandugu. Alilala chali wodini wiki mbili bila kugeuzwa, na sisi wanawe hatukujua kwamba kugeuza nako ni matibabu. Hapa kwetu Makorora, Tanga, mimi ndiye mshika daftari la matumizi, na ukurasa wa Baba umejaa hadi pembeni: gozi, plasta, maji ya chumvi, glavu, sindano, bajaji ya muuguzi wa kuja kusafisha. Miezi mitano. Cherehani ya Mama iliuzwa katikati ya ukurasa ule.

Basi Mama naye alipolazwa chumba cha mahututi, amewekewa mashine ya kupumulia, nilienda na mito. Godoro la hewa nilishaulizia, bei yake mbuzi watatu. Fundi wa Ngamiani alinishonea mito minne ya sufi kwa 28,000.

"Dada, hivi haviingii humu," muuguzi akaniambia. Alikuwa na haki, sufi haifutiki. Nikarudi kwa fundi, akaivisha raksini, inayofutika.

Kila baada ya saa mbili Mama aligeuzwa: kushoto, chali, kulia, na karatasi miguuni pa kitanda inaandikwa saa. Muda wa kuona wagonjwa nilishika upande mmoja wa shuka, tukamnyanyua bila kumburuza. Halazwi ubavu kabisa. Anainamishwa tu, mto mgongoni, ili mfupa wa nyonga usibebe mwili. Mto mwingine chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse kitu.

Nilikuwa natafuta wekundu, dalili ya kidonda kuanza. Yule muuguzi akacheka kidogo. "Kwa ngozi zetu utangoja sana." Akaweka mgongo wa kiganja chake juu ya kifandugu, kisha pembeni, akanifanya nami niguse. Joto limezidi? Pamekakamaa, au panabonyea kama embe lililoiva mno? Siku ya nne tulilikuta joto, lakini si huko tulikokulinda. Lilikuwa nyuma ya sikio, inapopita kamba ya mpira wa kupumulia. Wakaihamisha kamba, wakaweka gozi chini yake.

Shangazi alikuja na mafuta ya nazi, anataka kukanda kiuno. Kukanda penye mfupa uliokwisha kugandamizwa kunaumiza nyama ya ndani, lakini nani amwambie Shangazi? Tulimpa mikono ya Mama. Aliikanda vizuri sana.

Siku ya 11 Mama alitoka mle ndani, ngozi yake nzima. Ukurasa wake una mistari tisa: mito, raksini, pampasi, Vaseline, mayai ya uji wake baada ya kutolewa mpira, na vingine vidogo. Siku nilizofunga genge sikuziandika, na zilikuwa nyingi. Kaka alipolishika daftari aliuliza kurasa nyingine nimezificha wapi.

Mito miwili iko kwa jirani, mumewe kalazwa. Ile miwili Mama anaegemea barazani.