Shangazi na kisima chake cha Rongai

Jumapili nilienda Rongai kwa shangazi, hata chai sijaonja akaniuliza, "Wewe si ndio hufanya hizo kazi za mazingira, sasa hizo taka za nyuklia wanaweka Oloolua, hapo Ngong, zitaingia kwa kisima changu?" Kumbe walikuwa wameiongelea kwa chama.

Nikamwambia polepole kwamba pale ni mahali pa kuchakata taka na kuzihifadhi tu, vitu vya mionzi kama kobalti ya mashine za zamani za kutibu kansa na sesiamu ya vipimo vya viwandani, na vitu hivi kwa kawaida hufungwa ndani ya chuma. Stoo unaweza kuingia ukakagua. Kuzika kwa kudumu ndio mambo mengine kabisa.

Mimi nimezoea ripoti za tathmini ya mazingira za petrol stesheni na maploti, unaandika vumbi, kelele, maji taka yataenda wapi, unangoja NEMA, ile mamlaka ya mazingira, basi. Sasa hii ya kuzika taka swali la kwanza ni miaka mingapi. Sesiamu-137 hupungua nusu kila miaka 30, kwa hivyo ukihesabu miaka 300 imebaki kama sehemu moja kwa elfu. Wafaransa wana eneo lao la kuzika taka la Manche, walipokea taka kutoka 1969 hadi 1994, na wamepanga kulichunga karibu miaka hiyo 300. Hebu fikiria, reli imefika Nairobi 1899, miaka 300 iliyopita hapa ni malisho ya Wamaasai na maji baridi, ni soja gani wa geti angekaa muda wote huo?

Ndio maana wanaofanya tathmini ya kuzika taka huwa wanachukulia kwamba siku moja mlinzi hayuko, karatasi zimepotea, na mtu anakuja na mashine anachimba kisima hapo hapo juu ya taka, halafu wanapiga hesabu huyo mtu atakunywa nini. Yaani swali la shangazi, neno kwa neno! Na maji ni mjanja: kule Asse, Ujerumani, walishusha mapipa ya taka kama 126,000 kwa mgodi wa chumvi kati ya 1967 na 1978, leo maji yanapenya ndani na mpango ni kuyatoa mapipa hayo tena.

Shangazi akanyamaza kidogo. "Na haya maji yangu mmeshayapima?"

Hapo alinishika, maana ata kabla ya taka yoyote mawe yenyewe huwa na urani yake kidogo, nayo pia ina mionzi, na usipopima mapema baadaye hutajua ni mawe ama ni watu. Nilitoka na chupa mbili za maji yake. Naanza na floraidi, coz visima vingi vya huku vinayo nyingi na watoto wake wote watatu meno ni ya kahawia.